Maswali ya Jikoni: Kila Chungu na Jina la Mkulima Wake

Asalaam aleikum wasomaji wangu. Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, chakula cha shamba na watu wanaotutolea, kwa hiyo za keki na za biriani nimeziweka mpaka mwezi ujao inshaallah. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana imenigusa, mnivumilie.

SWALI: Shkamoo shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko Konde, Pemba. Tuko vijana kumi na mbili hapa shehiani tunataka tufanye siku ya chakula cha kwetu baada ya mavuno ya mpunga, watu waje wale bokoboko, mkate wa mofa, muhogo wa nazi, pweza, na wakulima na wavuvi wajulikane. Kuna mtu wa hoteli kasema ataleta wageni. Tatizo wazee wengine wanatucheka, eti chakula cha shamba kina nini cha kusherehekea, pikeni biriani kama watu. Na mama zetu wamekubali kupika lakini wanauliza nani atalipa nazi. Tuanzie wapi?
Mtoto wa Konde

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe umeliandika mwisho hilo la nazi lakini mimi naanza nalo, kwa sababu mama zenu wameuliza swali zito kuliko yote, na mkilijibu vizuri hilo mengine yatakaa sawa yenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kwenye shughuli kama hiyo, sitasema wapi wala ya nani. Wakinamama walikesha. Nilifika saa kumi na moja alfajiri nikawakuta wameshakuna nazi mpaka vidole vimechubuka, mmoja kafunga kitambaa kwenye kidole gumba na bado yuko juu ya mbuzi anakuna, mwenzake anakamua kwa kifumbu, tui la kasimile linatiwa kando na tui jepesi linarudishwa chunguni. Nazi zimetoka kwenye minazi yao, muhogo wao, kuni zao. Mchana wakaja wakubwa, hotuba, picha, watu wakala wakasifu "chakula cha asili kitamu sana", jioni magari yakaondoka. Wale mama hawakupata hata nauli ya kurudi kwao, na kwenye hotuba zote nne hakuna aliyetajwa jina. Walitajwa kama "akinamama wetu". Nililala na donge siku hiyo, na mpaka leo mtu akiniambia tunasherehekea chakula cha asili namuuliza kwanza, cha nani?

Basi sheria yenu ya kwanza iwe hii, kila kitu mnunue. Muhogo mnunue, nazi mnunue, kuni mnunue, pweza mnunue, hata kama ni cha mama yako mzazi. Na mlipe siku mnayochukua, msingoje shughuli iishe, maana shughuli ikiisha huwa kuna madeni ya spika na turubai na mkulima anaambiwa njoo kesho. Tuseme kila mmoja wenu katoa shilingi 10,000, hizo ni 120,000, hazitoshi lakini zinanunua nazi na muhogo wa kuanzia. Kwa zinazopungua, uzeni vikaratasi vya chakula mapema, wiki mbili kabla, kwa watu wa Konde, Wete, Chake, mtu analipa anapewa kikaratasi chake akija anakula. Mkiona vikaratasi haviuziki basi punguzeni masufuria, msikope. Na wapishi walipwe kwa siku kama fundi yeyote. Mama akisema "aa mimi sitaki kitu mwanangu" mpe vilevile, anakuonea haya tu.

Sheria ya pili, jina. Kila chungu kiwe na kikaratasi mbele yake kwa maandishi makubwa: muhogo huu umelimwa na bi fulani, shamba lake liko mahala fulani, umepikwa na fulani. Samaki, kavua nani, kavulia wapi, kwa dema au kwa mshipi. Halafu bei, ili mtu akitaka kununua nyumbani ajue amfuate nani. Lakini muombeni ruhusa kwanza, si kila mtu anataka jina lake likae hadharani na wanawake wengi wa kwetu picha hawataki kabisa, mtu akisema hapana basi andikeni "mkulima wa Makangale" muachane naye kwa amani. Msimpige mtu picha anapika na kitambaa kimemvuka kichwani halafu mkamtupa mitandaoni, nakuombeni sana.

Sasa wazee. Wasikukereni, wana sababu zao. Kwa miaka mingi Pemba imetajwa kwa karafuu tu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, tangu hapo sisi ndio tukawa na karafuu nyingi kupita wao, kila mtu anayekuja kisiwani anauliza karafuu, kila kitabu karafuu, na muhogo na majimbi na viazi vikuu vilivyokuwa vinamshibisha mchumaji wa hizo karafuu havikuulizwa na mtu. Tena mzee wa miaka sabini alikula muhogo mkavu wakati hamna kingine, miaka ya shida, mchele haupo, unga haupo. Kwake muhogo ni kumbukumbu ya dhiki na biriani ndio heshima ya mgeni. Huwezi kumwambia amekosea. Mwende mkae naye barazani, mumuulize ule muhogo alikuwa anaulaje, mama yake alikuwa anaupikaje, aina gani zilikuwepo zisizokuwepo sasa. Nnavyowajua wazee wa kwetu, ndani ya nusu saa atakuwa anakutajieni majina ya mbegu ambazo hamjawahi kuzisikia na atakuonyesheni nani bado anayo shambani kwake. Huyo mnamuweka mbele siku ya shughuli, kwenye mkeka wa kwanza, na mnamuachia aeleze yeye.

Siku yenyewe ichagueni kwa mwezi na kwa upepo. Mkitaka pweza na chaza lazima iwe bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanatoka mbali na wakinamama wanafika kwenye miamba kwa miguu, mkiweka siku ya maji mafu mtanunua pweza wa barafu na hapo mmeshaharibu kila kitu. Kusi likiwa kali vyombo vidogo havitoki, kwa hiyo ongeeni na manahodha wa Tumbe mapema, pale mnadani asubuhi mtu akikwambia "wiki hii bahari haina adabu" muamini. Na muwahi kabla karafuu hazijakolea, msimu ukishika hamtampata mtu, mchana wako juu ya miti, usiku wako barazani wanachambua.

Kuna jambo la watu wa kusini nataka mlijue. Kisiwa Panza, kule wilaya ya Mkoani, wenyewe wanafunga sehemu ya mwamba kwa muda, hakuna kuvua pweza pale, anaachwa akue maana pweza anakua haraka mno, halafu wanafungua siku moja watu wote wanaingia pamoja. Siku ya kufungua ni shangwe, wanawake kwa wanaume, watoto wanabeba, na pweza wanaotoka ni wakubwa. Hakuna aliyewaandikia hotuba. Mimi nikisikia neno kusherehekea chakula kinachonijia kichwani ni ile siku, watu wako ndani ya maji mpaka magotini wanacheka na kila mmoja anajua kwa nini pweza kawa mkubwa, kwa sababu yeye mwenyewe alijizuia. Kama mna njia nendeni mkaone kabla hamjafanya ya kwenu.

Chakula mlichotaja kizuri, msiongeze kikawa kingi. Mkate wa mofa muupike palepale watu waone, mofa lenyewe la udongo, unga wa mtama, mkono wa mpishi unavyoingia kwenye joto na kuubandika mkate ubavuni. Uleni kwa mchuzi wa pweza au asali. Bokoboko lianze usiku, ngano na nyama zichemke mpaka zisahau kwamba zilikuwa vitu viwili, halafu lipigwe kwa mwiko na vijana, nyinyi vijana kumi na mbili, msiwaachie mama zenu kupiga bokoboko la watu mia na nyinyi mmesimama na simu. Juu samli na kitunguu kilichokaangwa. Muhogo wa nazi na ng'onda (samaki mkavu), kisamvu, wali wa mpunga mpya na changu. Vinywaji madafu, bungo, ukwaju, soda zisionekane. Mwisho kahawa na halua, na halua pia iwe na jina la aliyekoroga, maana kukoroga halua ni saa na saa za mkono bila kupumzika na watu wanadhani inatoka dukani.

Plastiki msiilete. Zanzibar mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tangu 2006, hata kabla ya Bara kufanya hivyo 2019, lakini kwenye shughuli bado naiona. Mnao wasukaji wa vipepeo na kawa na vikapu hapohapo kijijini, wapeni oda, na majani ya mgomba hayana bei.

Huyo wa hoteli mkaribisheni, wageni walipe na wakae mkekani na wengine, wasitengewe meza yao pembeni na vyakula vizuri vikaenda huko. Mwambieni mapema wavae nguo za kufunika mabega na magoti. Halafu muulizeni na yeye swali moja mbele ya watu, hoteli yake inanunua mboga na mayai na muhogo kutoka wapi? Kama jibu ni Mombasa au Dar basi akiondoka aondoke na namba za simu za wakulima watatu wa Konde, na nyinyi mmpigie baada ya wiki. Sheha mmwambie kabla ya wote, sikulitaja mwanzo lakini ndio hatua yenu ya kesho asubuhi.

SWALI: Shangazi, nimeolewa Unguja mjini mwaka huu. Mama huniletea mchele wa kwetu Pemba lakini kila nikiupika unakuwa ubwabwa, mume wangu anasema bora mapembe ya dukani, ule mchele wa nje, rahisi na unachambuka. Naona aibu kumwambia mama. Nifanyeje?
Bi arusi wa mjini

JIBU: Mwanangu mchele haujakukosea kitu, maji umeyazidisha. Mpunga mpya unakuja na unyevu wake, haunywi maji kama mchele uliokaa ghalani na kusafiri na meli miezi. Yale maji unayotia kwenye mapembe punguza, anza kwa kupunguza robo, uoshe mara mbili usiuloweke, tui likichemka ndio utie, likikauka palia moto mkaa juu, au kwenye jiko la gesi punguza moto mwisho kabisa ufunike usifunuefunue. Mara ya pili utakuwa umeshaujua. Na mchele ukikaa kwenye ndoo miezi miwili mitatu unabadilika, utaona unachambuka wenyewe.

La mume wako. Mwambie kwa upole, siku kashiba. Mimi nimekaa juu ya dungu na bibi yangu nikiwa mtoto, dungu ni kile kichanja cha miti shambani, tunaamia ndege. Alfajiri kabla jua halijatoka lazima uwe juu maana ndege wanawahi, una kopo la mawe na kamba ndefu yenye makopo mengine upande wa pili wa konde, ukivuta yanalia ndege wanaruka, wanazunguka, wanatua pale pale. Unavuta tena. Mpaka magharibi. Hiyo ni mpunga ukianza tu kutia maziwa mpaka kuvunwa, wiki kwa wiki, na kama umelala saa moja wamekula pishi. Bibi hakuwa anapiga kelele, alikuwa anaongea nao, "nendeni kwa mwenzangu basi, na yeye analima". Halafu kuvuna, kupura, kuanika, kutwanga au kubeba mashineni, na gunia la mpunga ukilikoboa hutarudi na gunia zima la mchele, unarudi na pungufu kama theluthi. Ndio maana bei yake hailingani na ya mapembe.

Sikwambii ule huo tu kila siku, maisha ya mjini najua yalivyo. Mapembe ya kila siku, wa mama Ijumaa na siku za wageni. Na mama usimuonee aibu, mpigie muulize anatia maji kiasi gani, atafurahi kuulizwa.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi na wenzangu sita huku Mkoani tunatengeneza achari ya ndimu na ya embe, tuna asali pia. Majirani wanaisifu, lakini tulipopeleka mjini mwenye duka kakataa, anataka lebo na usajili. Tunaonewa?
Mama wa achari

JIBU: Waaleikum salaam. Hamjaonewa kwa hilo dada yangu, mwenye duka anajilinda. Chakula cha kuuza dukani kinasimamiwa na ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, na alama ya ubora ni ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, taasisi hizo mbili ndio za kwenda. Msiende mmoja mmoja, nendeni kama kikundi, na kabla hamjaenda tengenezeni chumba kimoja cha kufanyia kazi kwa wote saba, si kila mtu kwake, maana wakija kukagua watataka waone mahala, maji, vyombo, na nani anagusa nini. Chupa zichemshwe zikauke kabisa, achari inaharibika kwa tone moja la maji. Andikeni daftari la kila mpiko, tarehe, ndimu zimetoka kwa nani, chumvi kiasi gani, ili ikitokea chupa imechacha mjue ni ya siku gani msitupe zote.

Lebo iwe na tarehe ya kutengenezwa, ya mwisho wa kutumika, uzito, vilivyomo, simu ya kikundi. Na andikeni kijiji. Msiandike "Zanzibar Spice" kama wengine wote, andikeni achari ya ndimu ya Mkoani, Pemba, mtu wa Dar akiipenda ajue aje kuitafuta wapi. Kwa asali nawaombeni msitie sukari hata kidogo hata kama soko linavuta, mteja akigundua mara moja tu mnaharibu asali ya kisiwa kizima.

Gharama za mwanzo zipo, sikufichi. Anzeni na bidhaa moja inayotoka zaidi, achari ya embe pengine, isajilini hiyo, faida yake isajili ya pili.

SWALI: Shangazi shelisheli letu linazaa mpaka yanaoza chini, watoto wamechoka la kuchemsha. Nna njia nyingine?
Mwenye mti, Ole

JIBU: Una bahati, watu mjini tunayanunua. La kwanza, usiyangoje yaanguke, yachume yakishakomaa, ganda likianza kupauka na vitone vya utomvu vimekauka juu yake. Likishachumwa halikai, siku mbili linalainika, lakini ukilizamisha zima kwenye ndoo ya maji linasogea siku mbili tatu zaidi.

Watoto wakatie vipande vyembamba uvikaange kama chipsi, chumvi na pilipili na ndimu juu, hawatabakisha. Au litie zima kwenye makaa mpaka ganda liwe jeusi kote, lipasue, toa moyo, ule kwa chumvi na nazi iliyokunwa, hilo ndilo nnalolipenda mimi. Lililoiva likawa laini na tamu, liponde na unga wa ngano kidogo na hiliki na tui, kaanga kama maandazi madogo. Yaliyozidi mpelekee jirani asiye na mti, na moja moja weka pale njiani kwenye pakacha na bei, magari ya Chake yanapita hapo kutwa.